Usigawe nyama ya kulungu kabla majibu hayajarudi

Mwaka wangu wa kwanza kuwinda huku Wisconsin, Marekani, kulungu alianguka saa mbili asubuhi, na kufikia usiku nyama yake ilikuwa imeshaingia kwenye majiko ya familia sita. Ndivyo tulivyolelewa: aliyepata windo hawezi kulala na mapaja mawili ndani huku jirani anakula dagaa. Siku 11 baadaye majibu ya maabara yakaja. Mnyama alikuwa na ugonjwa. Nikaanza kupiga simu nyumba kwa nyumba. Kwa wengine nyama ilikuwa bado kwenye friza, lakini mama mmoja alikuwa ameshaupika uti wa mgongo supu. Akaniuliza, "Sasa baba, wajukuu wameshakunywa, nifanyeje?" Sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo nyinyi mnaochukua leseni kwa mara ya kwanza, hili nalisema kabla ya habari za bunduki na nguo za rangi ya chungwa za kuonekana na wawindaji wenzako.

Kulungu ninayemsema si yule wa vichakani kwetu. Huyu ana mkia mweupe kwa chini, na dume huota pembe za matawi na kuziangusha kila mwaka. Ni wa jamii ya ayala wa kwenye Zaburi. Ugonjwa wenyewe wenyeji huuita CWD, kifupi cha Kiingereza cha ugonjwa sugu wa kukondesha. Hauletwi na virusi wala bakteria. Ni protini ya mwilini iliyojikunja vibaya, inaitwa prioni, na ikikutana na nyingine iliyo nzima huiharibu nayo, hadi ubongo unatoboka matundu kama sifongo. Hauna chanjo wala dawa, na mnyama akishaupata haponi. Uligunduliwa kwanza Colorado mwaka 1967, kwa wanyama waliokuwa wamefungiwa kwenye kituo cha utafiti. Wisconsin ulithibitishwa Februari 2002, kwa kulungu watatu waliowindwa msimu wa 2001 karibu na Mount Horeb.

Wageni wengi hukosea kwa kuamini macho. "Huyu amenona, ataumwa nini?" Wangu alikuwa na mafuta mgongoni unene wa kidole. Mnyama anaweza kutembea na ugonjwa zaidi ya mwaka bila kuonyesha dalili. Kukonda, kutokwa mate na kuyumba ni mambo ya mwisho mwisho. Wala usiseme utaichemsha sana. Prioni haifi kwa moto wa jikoni.

Hadi sasa hakuna mtu aliyethibitika kuupata kwa kula nyama ya kulungu. Hata hivyo mamlaka ya afya ya Marekani inashauri kwamba nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Kuna wenyeji wanaokula tu. Siwahukumu, lakini mimi nakumbuka ng'ombe wa Uingereza: ugonjwa wao wa aina hii ulitambuliwa 1986, na ilipofika 1996 ndipo serikali ikakiri kwamba huenda watu waliupata kutoka kwao.

Kupima hakuna gharama. Kata kichwa, uache na kipande cha shingo cha upana wa kiganja, maana tezi wanazopima ziko nyuma ya koo. Kuna masanduku ya kuachia vichwa yaliyo wazi usiku na mchana. Jaza fomu, kisha tunza kile kipande cha fomu chenye namba kuliko unavyotunza risiti ya kodi ya nyumba. Majibu huchukua kama wiki mbili.

Wakati unasubiri, nyama ikae kwako. Itoe kwenye mifupa kwa kisu, usipitishe msumeno kwenye uti wa mgongo. Kulungu mmoja, mfuko wake, namba yake juu ya utepe. Ubongo, macho, bandama, uti wa mgongo na tezi haviliwi, hata majibu yakiwa mazuri. Najua nimewagusa wapenzi wa supu ya kichwa. Visu visugue mpaka kusibaki hata unyuzi wa nyama, kisha viloweke dakika 5 kwenye jiki: vikombe viwili vya jiki kwa vitatu vya maji.

Pale ninapofanya kazi ya kukata nyama msimu ukifika, yupo mzee mmoja ambaye hadi leo ukimtajia 2002 anaweka kisu chini. Mwaka ule serikali ya jimbo ilitaka kuwamaliza kulungu wote katika eneo lililoathirika. Wenye mashamba wengi walikataa, wawindaji wakaogopa nyama, leseni zikapungua karibu asilimia 10, na mpango wenyewe ukaja kuachwa. Sasa sehemu za Iowa County, kaunti ya hapa hapa Wisconsin, zaidi ya dume mmoja katika kila watatu waliokomaa ana ugonjwa. Mizoga huioni imelala ovyo, kwa sababu aliyedhoofika hugongwa na gari au huliwa mapema na koyoti, mnyama wa huku anayefanana na mbweha. Utakachoona ni madume wazee wenye pembe kubwa kuadimika. Na mwindaji akikata tamaa akabaki nyumbani, kulungu wanasongamana, wanaambukizana zaidi, na fedha ya leseni inayolipia hifadhi inapungua.

Ndiyo maana kwenye kaunti zenye ugonjwa ni marufuku kumwaga mahindi ili kuwavuta. Ishirini wakilamba rundo moja, mate yao yote yako hapo, na prioni hukaa kwenye udongo miaka.

Hivyo hivyo na mifupa. Usiirudishe msituni, wala usisafirishe mzoga mzima kutoka kaunti yenye ugonjwa kwenda kaunti ya mbali. Funga mabaki kwenye mifuko miwili, yaende na takataka za dampo. Siku ya gari la taka kwetu ni Jumanne, kwa hiyo mimi huchuna Jumatatu jioni.