Muulize Fundi: Asidi imetoa kutu, asubuhi kutu imerudi

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina gari kuukuu alilotuachia mzee wangu, limekaa nje miaka mingi na sasa nalitengeneza mwenyewe kidogo kidogo. Nimetoa fenda mbili za mbele na boneti nikapaka ile asidi kali ya haidrokloriki, kutu ikaondoka yote, bati likabaki jeupe linang'aa mpaka nikalipiga picha, nikasuuza na maji nikaliacha likauke usiku. Asubuhi nakuta lote rangi ya chungwa, hata sehemu ambazo mwanzo hazikuwa na kutu! Nimekosea wapi? Na je nikipaka kigeuza kutu juu yake kisha rangi, si yataisha?

JIBU: Pole ndugu yangu. Asidi yenyewe imefanya kazi yake, ulipoteleza ni zile saa chache zilizofuata. Wengi tunadhani kutoa kutu ni pale asidi inapotoa povu, kumbe hiyo ndo sehemu rahisi, shughuli inaanza ukishaona bati jeupe. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi, hakina rangi wala mafuta, kikipata maji na hewa kinaanza kushika kutu ndani ya dakika chache tu, sembuse usiku mzima. Alafu hiyo haidrokloriki ina ubaya wa ziada, inaacha chumvi za kloraidi kwenye vile vishimo vidogo ambavyo kutu ilikuwa imevichimba, na chumvi hizo zinavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata ukifuta pakakauka, kule chini panalowa tena. Ukipiga rangi hapo itapendeza kwa muda, baadae utaona malengelenge.

Sasa fanya hivi. Ile kutu ya chungwa ni nyepesi, wala usirudie asidi kali, tafuta dawa ya asidi ya fosforiki ambayo ndo iko kwenye dawa nyingi za kutu za mabati ya magari. Hii ikishakula kutu inaacha utando wa fosfeti, bati linakuwa kijivu badala ya jeupe, na utando huo unakupa nafasi ya kupumua kabla kutu haijarudi. Kabla ya kuipaka safisha grisi yote na sabuni, maana asidi haipiti kwenye mafuta, utabaki na madoa unashangaa dawa feki. Paka, sugua na brashi ya waya au sifongo ngumu, na paendelee kuwa bichi muda wote, ikianza kukauka ongeza. Baada ya hapo suuza kama kopo linavyosema, tena kama una maji ya moto tumia hayo kwa sababu bati likipata joto linajikausha lenyewe haraka. Maliza kwa kupuliza hewa kwenye kingo na mikunjo, hasa ule ukingo wa fenda uliokunjwa kwa ndani, hapo maji hujificha. Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia rangi, ipigwe siku hiyohiyo. Kama bado hujanunua praima au mvua inanyemelea basi usiguse hilo bati leo, acha na kutu yake, halina haraka.

Kuna kitu kinawaponza hata mafundi bodi wazoefu: praima nyingi za epoksi hazishiki vizuri juu ya mabaki ya asidi. Watengenezaji wengi wa epoksi wanataka bati lililosuguliwa msasa, safi, basi. Kwa hiyo soma kopo la praima kwanza ndo uchague dawa ya kutu, sio kinyume chake.

Kigeuza kutu ni kitu kingine. Vingi vina tanini, ikikutana na kutu inaigeuza kuwa kitu cheusi kilichotulia. Maana yake kinahitaji kutu! Ukikipaka kwenye bati safi hakina cha kugeuza, na ukikipaka juu ya kutu nene inayobanduka kama maganda kitageuza ile ya juu tu. Kwanza kwangua maganda mpaka ibaki kutu iliyong'ang'ania. Mimi nakitumia kwenye chasisi na chini ya sakafu, sehemu ambazo huwezi kuzifikia zote na msasa. Kwenye boneti inayoangaliwa na kila mtu, hapana.

Na kabla ya yote chukua bisibisi ugongegonge bati. Ikizama, dawa zote hizo weka pembeni, hapo ni kukata na kuchomelea bati jipya.

Jingine, ile haidrokloriki iliyobaki usiiweke ndani. Niliwahi kuacha ndoo yake stoo bila mfuniko wa maana, mvuke wake peke yake ukazishika spana zangu kutu zote, hata zilizokuwa kwenye droo. Fikiria mapafu yako. Fanyia kazi nje, vaa glavu na miwani, ukiipunguza makali mimina asidi kwenye maji, kamwe sio maji kwenye asidi, na isikutane na dawa ya kung'arishia nguo maana inatoka gesi ya klorini.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina ndoo ya bolti, nati, bawaba za milango na springi za gari la zamani, zote kutu. Nisikie la nani, wa siki au wa molasi? Sitaki asidi kali, nina watoto nyumbani.

JIBU: Marahaba dada, na umewaza vizuri. Vyote vinafanya kazi, tofauti ni subira. Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, loweka usiku mmoja au mbili usugue. Kuna na asidi ya sitriki ya unga, hiyo mimi naipenda zaidi, gramu 50 mpaka 100 kwa lita moja ya maji ya moto, na haina harufu. Molasi ni sehemu 1 kwa maji sehemu 9, wiki moja mpaka mbili, inanuka ikichacha lakini inakula kutu na kukiacha chuma karibu kilivyo. Usitumbukize kitu cha alumini kwenye yoyote kati ya hizo, na bolti zenye zinki zitavuliwa zinki yao. Springi zitoe kabisa kwenye ndoo: chuma kigumu namna hiyo kikikaa kwenye asidi kinanyonya haidrojeni na kinaweza kuja kukatika ghafla kikibeba mzigo. Hizo ni brashi ya waya tu. Zilizobaki ukizitoa zichovye kwenye maji ya magadi soda, suuza, kausha, paka mafuta hapohapo.

SWALI: Naweza kumwaga dawa ya kutu ndani ya sili za gari (yale maboksi ya bati chini ya milango) kupitia matundu ya chini?

JIBU: Usithubutu. Itaingia katikati ya mabati mawili yaliyounganishwa na hutaweza kuisuuza itoke, itabaki inakula kimyakimya. Humo pulizia nta maalum ya kukinga kutu ndani ya maboksi ya bati kwa mpira mrefu wenye pua, siku ya jua kali ili itambae vizuri, na hakikisha matundu ya kutolea maji hujayaziba.