Vyakula kwa Kihispania: pitia Kiswahili, achana na Kiingereza

Mleta uzi kauliza: amekariri majina kama mia mbili ya vyakula kwenye programu ya simu, lakini akitaka kuagiza anakwama, na misemo ndiyo inampiga chenga kabisa. Mkuu, unazunguka kupitia Kiingereza wakati Kiswahili kiko jirani zaidi.

Anza na njaa yenyewe. "Tengo hambre" ni "nina njaa" neno kwa neno, na "tengo sed" ni "nina kiu". Wengi wanaharibu wakitaka kusema njaa kali, wanaandika "muy hambre". "Hambre" ni nomino, tena ya kike, kwa hiyo sema "tengo mucha hambre". Ukikuta "el hambre" usidhani imegeuka ya kiume. Neno la kike likianza na sauti ya "a" yenye mkazo ("h" haitamkwi) linapewa "el" kwa ajili ya matamshi tu, ndiyo maana kuna "el agua fría", maji baridi, na "fría" imebaki ya kike.

"Me gusta" nayo inatesa watu bure. Isome "inanipendeza": hiyo "me" ni "-ni-" yetu, na kitenzi kinafuata chakula, hakimfuati mlaji. "Me gusta el arroz", lakini "me gustan los frijoles", maana maharage ni mengi.

Kwenye mchele tumewazidi: mpunga, mchele na wali, vyote kwao ni "arroz". Kwenye samaki wametuzidi wao. Akiwa hai majini ni "pez", akishavuliwa aliwe ni "pescado".

Kuna maneno unayajua tayari bila kujijua. Utawala wa Kiislamu ulioanza Hispania mwaka 711 uliacha Kiarabu jikoni kwao, na Kiarabu hicho hicho kilifika pwani yetu: sukari ni "azúcar", zeituni "aceituna", zafarani "azafrán". Hata biringani ("berenjena") na limau ("limón") utayatambua. Ile "a" ya mwanzoni kwenye matatu ya kwanza ni mabaki ya "al" ya Kiarabu iliyogandia neno. Ila pera litakuponza. Sisi tulilichukua kwa Wareno tukalibandika kwenye tunda lingine. "Pera" ya Kihispania ni peasi. Pera letu ni "guayaba".

Halafu chagua nchi moja kwanza, usichanganye. Parachichi ni "aguacate" Hispania na Meksiko, ila Peru, Chile na Argentina ni "palta". Kiazi ni "patata" Hispania, "papa" Amerika ya Kilatini. Ukiagiza "tortilla" Madrid unaletewa mayai yaliyokaangwa na viazi. Meksiko unaletewa kitu kama chapati nyembamba ya mahindi. Na Hispania ukiomba "el menú" wanaweza kukuelewa kuwa unataka mlo wa bei moja wa siku hiyo: sahani mbili, kitindamlo au kahawa, mkate na kinywaji. Orodha ya vyakula ni "la carta".

Misemo usiitafsiri, itafutie ndugu yake. "Fue pan comido" (ilikuwa mkate ulioliwa) ni rahisi kama kumsukuma mlevi. "Me dieron gato por liebre", yaani nimepewa paka badala ya sungura, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. "Me importa un comino": comino ni binzari nyembamba, ile mnayoiita jira au uzile, kwa hiyo jambo lina uzito wa punje moja tu ya jira, sijali. "Le dio calabazas", alimpa maboga, ni kumkataa mtu aliyetongoza. Hapo wingi ni lazima; ukisema "una calabaza" umempa boga kweli, akapike.

Kwenye kadi zako za kukariri maneno usiandike neno tupu. Andika kibainishi ("el", "la", "un" au "una"), nchi, na sentensi moja nzima ya mezani au sokoni, mfano "¿Me da un kilo de patatas?" Kadi nane kwa siku zinatosha.

La mwisho, kuwa makini na "está", yaani kitu au mtu "yuko" katika hali fulani. "La sopa está buena" unaisifu supu uliyoonja. "Está buena" kwa dada aliyekuhudumia ni kumwambia anavutia kimwili, utatafuta ugomvi. Maziwa yakiharibika sema "la leche está mala". Ukigeuza ukasema "tiene mala leche", hayo si maziwa tena, umemsema mtu kuwa ana roho mbaya.