Siku mbaya baada ya wiki njema: je, sonona imerudi?

SWALI: Nina miezi minne natibiwa sonona na wasiwasi. Nilishaanza kulala vizuri hata kucheka na wenzangu. Wiki iliyopita niliamka siku tatu mfululizo moyo mzito, kifua kinabana, sitaki kuonana na mtu. Je, nimerudi nilikoanzia? Na dawa, niziache lini?

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Siku tatu hazijakurudisha ulikoanzia. Nafuu ya sonona hupanda na kushuka. Mara nyingi usingizi na nguvu hutangulia, furaha ikachelewa. Angalia muda: huzuni au kutopenda chochote kukidumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2, mrudie daktari. Mawazo ya kujiua hayasubiri wiki 2. Yakija, mwambie mtu abaki nawe, na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Kila jioni andika daftarini saa ulizolala, ulichofanya, na hali ya moyo kwa namba, 0 hadi 10. Siku ya 3 akili hukuambia hujawahi kuwa sawa. Fungua kurasa za nyuma uone 6 na 7 ulizoandika kwa mkono wako.

Kinachowaangusha wengi ni kujifungia ndani. Ukikwepa watu unapumua papo hapo, lakini akili inajifunza kwamba kweli palikuwa na hatari, na kesho hofu inazidi. Kwa hiyo punguza ratiba, usiifute: uliyezoea kutembea dakika 30, tembea 10. Usingoje hamu, maana huja ukishaanza. Amka saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbaya, na kahawa ipunguze, kwani huongeza mapigo ya moyo na kuuchochea wasiwasi.

Dawa usiziache sasa. Kwa kawaida huendelea walau miezi 6 baada ya kupata nafuu kamili, kisha daktari huzipunguza kidogo kidogo, kwa wiki au miezi. Ukizikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za haraka, hata mishtuko kama ya umeme kichwani, na wengi hudhani ugonjwa umerudi. Hebu hesabu vidonge vilivyobaki: huenda wiki ile uliruka dozi. Kama uliruka, usimeze viwili kufidia. Endelea na kimoja kwa saa yake, umweleze daktari.