Kihisi cha sukari kwa mtoto: kwa muuguzi au tabibu mgeni wa kliniki ya kisukari

Ukipangiwa kliniki ya watoto wenye kisukari aina ya kwanza, hutakaa sana kabla hujamwona mzazi aliyetumiwa na ndugu yake wa ughaibuni kihisi cha sukari, yaani kifaa kidogo cha kubandika kwenye ngozi kinachopima sukari mchana na usiku, akikuuliza, "Hiki tunakifanyaje?" Hapa tunachukua mfano wa FreeStyle Libre, toleo la kwanza na la pili. Huvaliwa nyuma ya mkono wa juu kwa siku 14, na huruhusiwa kwa watoto kuanzia miaka 4. Kukibandika ni kazi ya dakika chache. Yanayokiharibia kazi ni simu, kitanda na uji wa asubuhi.

Kabla ya kufungua boksi, uliza simu inakaa na nani. Toleo la kwanza linatunza kumbukumbu za saa 8 tu. Lisiposomwa ndani ya muda huo, za nyuma zinafutika. Nyumba nyingi zina simu moja tu yenye NFC (uwezo wa kusoma kihisi kwa kukisogelea), nayo huondoka na baba alfajiri na kurudi naye usiku. Grafu ya mtoto huyo itakuwa na mashimo mchana kutwa, na mashimo hayo ndiyo saa za shule. Familia ya hivyo itafutiwe kisomaji chake, kile kifaa maalum cha kusomea kihisi bila simu. Wakitaka kutumia vyote viwili, waamshe kihisi kwa kisomaji kwanza, kisha waskani kwa simu ndani ya saa ile ya kwanza. Wakianza na simu, kisomaji hakitakipokea. Toleo la pili lina kengele zinazopita kwa Bluetooth, nazo hunyamaza ikiwa simu imewekwa kubana betri. Ingia kwenye mipangilio uiondolee programu kizuizi hicho mama akiwa bado mbele yako.

Adui wa gundi ni mafuta. Watoto wetu hupakwa mafuta kila asubuhi, na kihisi kilichobandikwa juu yake hung'oka siku ya pili. Osha kwa sabuni isiyo na mafuta, futa kwa spiriti, subiri pakauke kabisa. Kaa mbali na kovu, na angalau sentimita 2.5 kutoka wanapochoma insulini. Ukiongeza plasta juu, usizibe kitundu cha katikati. Saa nzima ya kwanza hakuna namba, na siku ya kwanza namba hupotoka zaidi, kwa hiyo stripu za kidole zisiwekwe kabatini.

Sasa somo ambalo mzazi lazima aondoke nalo. Kihisi hakipimi damu, kinapima majimaji yaliyo chini ya ngozi, na sukari huchelewa kufika huko kwa dakika 5 hadi 15. Mtoto wa kilo 20 ameshuka hadi 3.2 (namba zote za sukari hapa ni mmol/L), dozi yake ni gramu 0.3 kwa kila kilo, yaani gramu 6: kijiko cha chai kimoja na nusu cha sukari, cha kufuta, au kama mililita 60 za soda ya kawaida. Baada ya dakika 10 kihisi bado kinaonyesha 3.1. Mama anaogopa, anaongeza soda, kisha biskuti, na saa moja baadaye mtoto ana 16. Mwelekeze apime kidole dakika 15 baada ya kutoa sukari, na aamue kwa namba hiyo. Mtoto aliyepoteza fahamu au anayedegedeka asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Usiku kuna mtego mwingine. Mtoto akilalia mkono wenye kihisi, mgandamizo hupunguza majimaji mahali pale na namba huporomoka ghafla, halafu hurudi ghafla akigeuka. Mgeni huiona grafu na kupunguza insulini ya usiku, na asubuhi sukari iko juu. Mshuko wa kweli mara nyingi huja kwa mteremko. Ukiwa na shaka, wazazi wamwamshe mtoto usiku siku mbili tatu wapime kidole, na kihisi kijacho kiende mkono wa pili.

Ripoti ya siku 14 isome ikiwa ina angalau asilimia 70 ya data. Anza na mishuko, hata kama kilele kinakupigia kelele: chini ya 3.9 isizidi asilimia 4 ya muda, chini ya 3.0 isifike asilimia 1. Kisha ndipo uangalie kama mtoto yuko kati ya 3.9 na 10 kwa zaidi ya asilimia 70. Kumbuka ripoti inaandika 02:00 na mama akisema saa mbili usiku anamaanisha 20:00. Hakikisheni mnazungumzia saa ileile.

Utakutana sana na umbo hili: kilele saa tatu au nne asubuhi, kisha mshuko kabla ya chakula cha mchana. Mara nyingi mtoto anachomwa insulini ya kawaida huku kikombe cha uji kiko mkononi. Uji wa sukari hupanda ndani ya saa moja. Insulini hiyo hufikia kilele saa 2 hadi 4 baadaye, na ile ya mawingu (NPH, insulini ya muda wa kati) ya asubuhi huongezea mchana. Ukiongeza dozi kwa sababu ya kilele, utamwangusha darasani. Kwanza sogeza sindano iwe dakika 30 kabla ya kula, punguza sukari ya uji, na hakikisha kuna kitafunwa saa nne. Angalia siku kadhaa ndipo uzungumze na daktari kuhusu dozi.

Uliza pia kuhusu vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha, vile vya miligramu 1000 wanavyopewa wakiwa na mafua. Zaidi ya miligramu 500 kwa siku inaweza kufanya kihisi kisome juu kuliko ukweli. Na kihisi hakioni ketoni, zile tindikali zinazojengeka mwili ukikosa insulini: mtoto aliye juu ya 14 na anatapika apimwe ketoni mara moja, grafu isubiri.

Kihisi ni ghali, na wengi watapata kimoja kimoja. Kikiwa kimoja, kibandikwe wiki mbili kabla ya siku ya kliniki. Wakikutumia picha ya grafu kwa WhatsApp, ibaki kati yako na mlezi. Taarifa za mtoto zinalindwa na sheria ya 2022 Tanzania na ya 2019 Kenya, na kundi la wafanyakazi si mahali pake hata ukifuta jina.