Ukitumwa kukagua zahanati, cheklisti iache kwanza kwenye gari

Nilikaa miaka tisa kwenye timu ya afya ya wilaya, nikizunguka zahanati na vituo vya afya kuangalia kama huduma zinakwenda. Juzi kijana mmoja aliyepangiwa kazi hiyo alinipigia kuniuliza aanzie wapi. Mtandao ukakatika katikati ya maneno, kwa hiyo namwandikia hapa, na wengine msome.

Nianze na kosa langu. Kuna zahanati nilikuwa naipa alama za juu kila robo. Taarifa zake za MTUHA, ule mfumo wa vitabu na fomu za taarifa za huduma za afya, zilifika wilayani kabla ya tarehe 7, hazina kisanduku kilichoachwa wazi, wala hazihitaji kurudishwa. Siku moja nikiwa safarini kwa shughuli zangu nilikaa kwenye basi na mama wa kijiji kile. Sikujitambulisha. Akanisimulia mkwewe alivyojifungulia pale, na jinsi walivyoagizwa waje na glovu, wembe, hadi tochi. "Ila wakija wale wa wilayani, mwanangu, siku hiyo kila kitu kipo." Wa wilayani ndiyo mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa nampigia mganga mfawidhi siku moja kabla, kumwambia tunakuja.

Takwimu zile huenda zilikuwa za kweli kabisa. Akina mama walijifungua, wakaandikwa, wakajumlishwa. Tatizo ni kwamba hakuna safu kwenye kitabu inayouliza glovu zilitoka kwa nani.

Tangu siku ile, kabla sijagusa cheklisti, namfuata mama mmoja. Nafungua Kitabu Namba 6, cha wajawazito, nachagua mama wa miezi minne au mitano iliyopita ambaye kwa tarehe zake alipaswa kuwa ameshajifungua. Kisha namtafuta kwenye Kitabu Namba 12, cha chumba cha kujifungulia. Yupo? Vizuri, tuendelee: alirudi kuangaliwa baada ya kujifungua? Mtoto ameonekana kliniki? Hayupo? Namuuliza muuguzi, na mara nyingi anamkumbuka. "Huyu alienda kujifungulia kwao." "Huyu tulimpa rufaa usiku, gari likachelewa." Chukua mama watano wa namna hiyo, inakula saa nzima, na saa hiyo imenifundisha zaidi ya jumla za mwaka mzima.

Hapo hapo chumba cha wazazi, omba patografu tatu, zile chati za kufuatilia maendeleo ya uchungu. Usitazame kama zimejazwa, tazama zilivyojazwa. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa. Uchungu uliochukua saa nane na kupita zamu mbili hauwezi kuwa na mwandiko mmoja, kalamu moja, na mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Patografu ya kweli ina madoa, ina pengo pale mkunga alipokuwa peke yake na mama wawili. Ile safi kupita kiasi imejazwa asubuhi, mtoto ameshazaliwa. Ukiigundua, usimfokee mkunga mbele ya wagonjwa. Muulize usiku ule walikuwa wangapi zamuni. Jibu lake ndilo matokeo ya ukaguzi wako.

Malaria ni rahisi zaidi. Hesabu waliokutwa na vimelea kwa mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, mwezi mzima, halafu hesabu dozi za dawa mseto zilizotoka kwenye leja. Tofauti ndogo ni ya kibinadamu. Dozi zikiwa mara mbili ya wagonjwa, vuta kiti ukae.

Kwenye chanjo, usishtuke ukiona asilimia inapita 100, na usishangilie pia. Idadi ya walengwa hutokana na makadirio ya sensa, na kata inayokua haraka au iliyo mpakani hupata watoto ambao makadirio hayakuwatarajia. Linganisha Penta 1 na Penta 3, yaani dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo inayokinga magonjwa matano. Wakianza watoto 100 wiki ya sita tangu kuzaliwa na wakamaliza chini ya 90 wiki ya kumi na nne, mnawapoteza njiani, na kipimo hicho hakihitaji kujua kata ina watu wangapi.

Nyota nazo? Serikali ya Tanzania ilipoanza kuvipa vituo nyota za ubora mwaka 2015, kuanzia 0 hadi 5, nilikuwa mmoja wa waliolalamika. Nimeona ukuta ukipakwa rangi wiki ya ukaguzi. Lakini nikiri, halmashauri zilizokuwa zikikwepa kuchimba shimo la kutupia kondo la nyuma ghafla zilipata fedha. Aibu ya kupata sifuri ina nguvu zake. Hata WHO mwaka 2000 walipanga mifumo ya afya ya nchi 191 kwa nafasi, Ufaransa ya kwanza na Marekani ya 37. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba hawakurudia tena orodha ile.

Kuhusu kupiga simu kabla: piga, maana vitabu na wahusika unawahitaji. Ila ukipata nafasi pita tena siku nyingine bila taarifa, saa mbili usiku, uone nani anafungua mlango.

La mwisho, kitabu cha usimamizi shirikishi, kile ambacho wakaguzi huandika waliyoyaona na yanayopaswa kurekebishwa. Kisome kabla hujaandika chochote. Zahanati moja nilikuta imeandikwa "tanki la maji linavuja, lifanyiwe matengenezo" mara nne kwa miaka miwili, kila mara na sahihi ya mtu wa wilayani. Ya tatu ilikuwa yangu.