Muulize Shangazi wa Jukwaani: "Sikukosea Noti Hata Moja, Mbona Nikaachwa?"

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu michezo ya kuimba, ile ambayo wahusika wake huigiza na kuimba, na kama kazi hiyo inaweza kumlisha mtu hapa Nairobi. Mimi nilikaa miaka sita katika korasi, lile kundi linaloimba nyuma ya wahusika wakuu, kabla ya kupewa mhusika mwenye jina. Siku hizi nafundisha kuliko ninavyoimba. Nitawajibu kwa yale yaliyonipata.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22, naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu huku Kayole. Mwezi jana nilienda odisheni ya mchezo wa kuimba mjini. Sikukosea noti hata moja. Msichana aliyenifuata sauti ilimkwama katikati ya wimbo, akacheka, akaendelea. Yeye ndiye aliyechukuliwa. Je, haya mambo ni ya kujuana? — Sauti ya Kwanza, Kayole*

Marahaba, mwanangu. Kujuana kupo, sitakudanganya. Lakini kabla hujamshuku mwenzako niambie: ulipokuwa ukiimba, macho yako yalikuwa wapi?

Nauliza kwa sababu yangu yalikuwa yamefumbwa. Nilikuwa na umri kama wako, nimetoka Githurai na matatu ya 45, na shilingi zangu za mwisho nilikuwa nimemwachia makanga. Odisheni ilikuwa katika chumba cha mazoezi chenye zulia lililotoboka, na piano iliyokuwa na vibonye viwili visivyolia. Nikasimama wima, mikono nyuma kama tulivyozoezwa kwayani, nikafumba macho na kuimba wimbo wa mama anayemuaga mwanawe. Niliimba vizuri, najua. Nilipomaliza, mwelekezi, mzee mmoja wa sweta ya kijivu, hakupiga makofi wala hakuandika kitu. Akauliza, "Ulikuwa unamwambia nani?"

Nikasema, "Mtoto."

"Yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Basi akaniambia niyaache maneno ya wimbo ule, nibaki na sauti yake tu, noti zilezile, kisha nimwombe yeye nauli ya kurudi nyumbani.

Hapo alinipata, maana kweli sikuwa nayo. Nikaanza kwa aibu. Nikamwimbia kwamba jua linatua, kwamba makanga wa jioni hawasikii la mtu, kwamba nikichelewa baba atafunga mlango. Kufika mstari wa tatu sauti ikapasuka, nami hata sikujali, kwa sababu nilikuwa nautazama mkono wake kama unaelekea mfukoni. Alicheka hadi akakohoa. Nikapewa nafasi ya Mwanakijiji wa Nne. Nauli hakunipa, nilitembea kwa miguu hadi Pangani.

Kwaya imekufunza jambo kubwa: sauti yako iyeyuke ndani ya sauti za wenzako, asitambulike nani ni nani. Jukwaani unatakiwa ufanye kinyume chake. Mhusika akianza kuimba, kuna kitu anakitaka kwa mtu aliye mbele yake: msamaha, mahari, ufunguo wa ghala, chochote. Kwa hiyo wimbo wako wa odisheni usianze kuufanyia mazoezi kwa kuuimba. Yaseme maneno kwanza, kavukavu, kama unavyogombana na mama wa kibandani aliyekupunguzia chapati. Ukiona kuna mstari unaousema bila kujua unautaka wa nini, huo ndio utakaouimba ukiwa umefumba macho. Kisha mtafutie huyo unayemwambia mahali ukutani, juu kidogo ya vichwa vya wanaokusikiliza. Usiwakazie wao macho. Wanataka kuandika na utawasumbua. Ubeti mmoja na kiitikio vinatosha. Mpiga piano mwonyeshe unapoanzia na unapoishia, na mwendo mpe kwa kumwimbia mstari mmoja kwa sauti ya chini. Usimpigie vidole, si mhudumu wa hoteli.

Na huyo msichana aliyecheka akaendelea? Usimdharau. Usiku wa kwanza wa mchezo mmoja, maikrofoni yangu ya shavuni ilikata katikati ya wimbo na gauni likanasa kwenye msumari wa seti. Niliendelea kuimba, na waliokuwa pale mbele walidhani ndivyo ilivyopangwa. Mwelekezi anayechagua watu huwa anaufikiria usiku kama huo.

*Dada yangu, kijana wangu ana miaka 24, amesomea uhasibu, ana kazi nzuri Industrial Area. Sasa anasema anaacha kazi akawe mwigizaji wa michezo ya kuimba. Mimi ni mama mjane. Nakuuliza wazi: atakula nini? — Mama Kijana, Buruburu*

Pole na hongera, dada, maana umezaa mtoto anayekuambia mambo kabla hajayafanya.

Nikupe hesabu yenyewe. Kule Broadway, New York, mwigizaji wa michezo hii hupanda jukwaani mara 8 kwa wiki, na mchezo ukipendwa huchezwa miaka na miaka. Ule wa simba wenye majina ya Kiswahili, *The Lion King*, ulianza huko mwaka 1997 na bado unaendelea. Huko mtu huajiriwa, akalipwa kila wiki. Hapa kwetu, michezo niliyocheza mimi ilifanyiwa mazoezi majuma sita hadi nane, ikachezwa wikendi mbili, tatu ikiwa imebahatika, halafu seti ikabomolewa Jumapili usiku na mbao zikapakiwa kwenye pikapu. Ukigawanya malipo kwa saa ulizofanya mazoezi, utalia.

Kwa hiyo hapa hakuna anayekula kwa mchezo mmoja. Mimi nimekula kwa kusoma matangazo ya redio, kuimba harusini, kuimba nyuma ya wanamuziki wenye majina, na kuwafunza watoto wa shule wanapojiandaa kwa tamasha la drama. Zaidi ya yote nimekula kwa michezo ya vitabu teule vya fasihi, vile wanavyotahiniwa wanafunzi wa sekondari. Hiyo, dada, ni shule ya peke yake: saa mbili asubuhi, ukumbi umejaa wanafunzi walioikariri mistari kukushinda, na ukiruka neno moja wanakusahihisha kwa pamoja. Aliyepitia huko haogopi tena watazamaji wa Jumamosi usiku waliovaa tai.

Pia nimewahi kulala njaa. Kuna mtayarishaji mmoja aliyetuambia tutalipwa "kiingilio kikishahesabiwa". Tulijaza ukumbi siku nne. Kiingilio hicho, nadhani, kinahesabiwa hadi leo. Kosa letu lilikuwa kukubali kwa mdomo, watu wazima kumi na wanane! Tangu siku hiyo sivai maleba kabla ya kuona karatasi moja yenye mambo matatu: kiasi, tarehe ya kulipwa, na nini kitafanyika mchezo ukivunjika. Mwambie kijana akikuta mtu anayeiona karatasi hiyo kama matusi, achukue mkoba wake aondoke.

Lakini kwani lazima aache kazi? Mazoezi mengi ya Nairobi ni jioni na wikendi, kwa sababu hata mwelekezi ana kazi yake ya mchana. Akitoka Industrial Area saa kumi na moja, msongamano ukimruhusu, saa kumi na mbili yuko ukumbini. Afanye hivyo mwaka mmoja, achezee michezo miwili, ajue kama anachokipenda ni kazi yenyewe au ni makofi. Na nikuibie siri: vikundi vyetu vina waimbaji wengi kuliko viti, lakini mtu anayejua kutengeneza bajeti na kuiheshimu ni adimu. Mhasibu mwenye sauti nzuri hatakosa mahali.

Usimkatalie kwa kumwambia kazi hii haifiki popote. Mwaka 2009 mwanamuziki wetu Eric Wainaina alipeleka *Mo Faya*, mchezo wake wa kuimba wenye hadithi ya mtaa wa mabanda, hadi tamasha la michezo ya muziki la New York. Mwaka 2018 *Tinga Tinga Tales* wenye nyimbo zake ukachezwa jijini humo, katika ukumbi wa New Victory. Waliopanda jukwaani walikuwa wametoka hapahapa kwetu.

*Shangazi, nina miaka 41. Nimechelewa? — Mama Chapo, Umoja*

Hata kidogo. Kila mwaka naona nyanya wa hadithi akichezwa na msichana wa miaka 23 aliyepakwa poda nyeupe kichwani na kuinamishwa mgongo. Njoo, mama, na mgongo wako halisi.

*Shangazi, niokoe. Mchezo wetu ni baada ya siku kumi, nami sauti imekauka, nimebaki na mkwaruzo. Wenzangu wananishauri ninywe mayai mabichi, nitafune tangawizi, na ninong'one tu hadi siku ya mchezo. — Mkavu, Rongai*

Mayai waachie kuku. Chochote unachokimeza kinapita mlango wa nyuma, njia ya chakula. Hakigusi nyuzi za sauti, ambazo ziko kwenye njia ya hewa. Tangawizi na asali vitakutuliza koo tu. Maji nayo husaidia kwa kuzunguka mwilini kwanza, ndiyo maana yanywe tangu asubuhi, si dakika tano kabla ya pazia. Kinachozifikia nyuzi zenyewe moja kwa moja ni mvuke: beseni, taulo kichwani, dakika kumi, usikaribishe uso ukaungua.

Kunong'ona acha kabisa. Wengi wetu tunaponong'ona tunalikaza koo zaidi. Ama nyamaza, ama sema kwa sauti yako ya chini ya kawaida. Acha pia kujisafisha koo kwa kukohoa "hem hem". Kila mara unazigonganisha nyuzi hizo, na zimekwisha kuvimba. Meza mate au maji. Fikiria kazi ya nyuzi hizo: mwanaume akizungumza tu, zinapigana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Mwanamke kama mara 200. Sasa ongeza kuimba, kucheza ngoma, vumbi la Rongai na moshi wa matatu.

Siku tatu za kwanza nyamaza, hata kwa simu. Mwelekezi mwambie leo, asije akajua Ijumaa. Mkwaruzo ukipungua, chukua mrija wa soda, utie kwenye glasi ya maji nusu, upulize huku unaguna noti moja, polepole ukipanda na kushuka. Viputo vikitoka sawasawa, unafanya vizuri, vikikatika, unasukuma. Dakika tano, mara chache kwa siku. Mimi hufanya hivyo jikoni na wanangu wameacha kunicheka. Peremende za kutia koo ganzi usizitumie ukaimba juu yake, kwa maana maumivu ndiyo breki yako. Mkwaruzo ukizidi majuma matatu, au ukipata shida kupumua au kumeza wakati wowote, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie. Vinundu kwenye nyuzi havitoki kwa tangawizi.

*Dadangu, mimi ni mwalimu, natunga mchezo wa kuimba wa Kiswahili na wanafunzi wangu. Wananiambia Kiswahili "hakiingii" kwenye tuni, Kiingereza kinaingia. Ni kweli? — Mwalimu, Kasarani*

Mwalimu, shida iko kwenye tuni. Wamechukua tuni iliyoshonewa Kiingereza wakaivisha lugha nyingine, sasa mikono imekuwa mirefu. Kiswahili kina irabu tano zilizo wazi, na karibu kila neno linaishia kwa irabu. Mwimbaji anataka nini zaidi? Sharti ni moja: mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na noti nzito au ya juu iangukie hapo. Waandikie ubaoni neno "barabara". Waimbe mkazo ukiwa kwenye "ba" ya pili, wale wanaosikiliza wataona lami. Upeleke kwenye "ra" ya kwanza, wataona kitu kilichofanywa sawasawa. Tuni moja tu mbovu, na mhusika wako anayesifiwa anageuka njia ya magari.

Jambo la pili, "m". Wewe mwalimu unazijua mizani: "mtoto" ni mizani tatu, m-to-to. Watoto waliozoea Kiingereza huimeza ile "m" kama chafya. Wape noti yake. Katika "mtu" mkazo uko juu ya "m" yenyewe, na unaweza kuishikilia kwa midomo iliyofungwa, ukaguna hadi ukumbi utulie, kisha ndipo uachie "tu". Wape hilo walijaribu.

Ubeti ukiisha, usiniletee mimi. Muite mtoto wa darasa la nne asiyeijua hadithi, mwimbieni mara moja bila karatasi. Akiuliza "ati nini?", angalieni ni mstari gani, mrudi kwenye kinanda.