Kabla Hujafungua Mkebe wa Vanishi

Wanaoanza kukarabati samani kuukuu nyumbani hukimbilia vanishi, kwa kuwa ndiyo inayong'arisha. Ila vanishi haifichi kitu, hukikuza. Mkwaruzo ambao hukuuona mbao ikiwa kavu utakukodolea macho ukishapaka, na kiti kilichokuwa kikiyumba kitaendelea kuyumba huku kinameta.

Kazi huanza siku ya kununua. Mwisho wa mwezi, watu wanapohama, vitu vizuri huuzwa kwa haraka katika mitaa ya Nairobi, na haraka hiyo isikuambukize. Ipindue meza. Kwa kawaida upande wa chini haukupakwa kitu, hivyo ndio unaosema ukweli: saipresi ni nyepesi, ya kimanjano, yenye vifundo; mahogani ni nzito zaidi na ina wekundu. Kisha tazama ukingo. Mistari ya mbao ikipita juu na kushuka hadi kwenye kichwa cha ubao, hiyo ni mbao tupu. Ikikatika ghafla ukingoni, kuna vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao, juu ya plaiwudi, blokbodi au chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa). Vinia si sababu ya kukataa. Sababu ya kukataa ni chipbodi iliyovimba miguuni: maji ya deki yameingia miaka na miaka, chembe zimeachana, na hakuna gundi wala msasa wa kuzirudisha.

Gonga mbao kwa kitako cha bisibisi. Ukidondoka unga laini, wa rangi ya mbao mbichi, wadudu bado wamo ndani. Vitundu vikavu visivyotoa kitu vinaweza kuzibwa tu.

Halafu kunguni. Washa tochi ya simu, pitisha kadi ngumu kwenye mishono ya mito, chini ya chaga za kitanda na ndani ya matundu ya skrubu. Vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ni kinyesi chao. Kunguni mkubwa hukaa miezi bila kula, kwa hiyo kuambiwa kwamba sofa "imekaa stoo tu" hakusaidii. Kitanda cha mbao tupu unaweza kukifungua na kukitibu kiungo kwa kiungo. Sofa yenye kunguni iache hapo hapo, hata ikitolewa bure. Na usiimwagie mbao mafuta ya taa. Huzama ndani, kisha vanishi hukataa kushika, mbali na hatari ya moto.

Sasa viungo, ambako ndiko kazi iliko. Kiti cha mezani kinachoyumba hakitaki msumari. Msumari hupasua ulimi wa mbao ndani ya tundu lake, na baada ya miezi michache utakuwa na kiti kinachoyumba tena, safari hii kikiwa na ufa. Kifungue. Kwanza bandika vipande vya utepe kila upande wa kila kiungo na uviandike herufi, A kwa A, B kwa B, maana miguu inayofanana huwa haifanani. Gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, au nyundo ya kawaida ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati. Kiungo kikigoma, dondoshea siki ya uvuguvugu na usubiri; gundi nyeupe ya mbao hulainika nayo.

Kwangua gundi yote ya zamani kwa patasi mpaka uone mbao. Hapa wengi hupunguza mwendo, na hapa ndipo kiti huharibikia: gundi nyeupe mpya haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokauka. Inahitaji vinyweleo vya mbao. Pia haijazi pengo. Ulimi ukiwa umelegea, ubandikie kipande chembamba cha mbao, kama maranda mapana, uache kikauke, kisha upunguze mpaka uingie kwa kusukumwa na mkono. Jaribu kuunganisha kiti chote bila gundi kwanza, kwa sababu ukishapaka una dakika kama 10 tu kabla haijaanza kushika.

Huna klempu ya kubania? Kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe kanda ndefu, zungusha kwenye miguu huku ukiivuta, ukaze. Simamisha kiti sakafuni kikanyage kwa miguu yote minne, panguza gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji, na ukiache saa 24. Gundi ikisahaulika juu ya mbao huziba vinyweleo, na rangi ya mbao ikipakwa itaacha doa jeupe ambalo halitoki ila kwa msasa.

Msasa wenyewe una mpangilio: namba 80 kwa rangi iliyong'ang'ania, kisha 120, kisha 180, ukimaliza na 240. Usiruke. Mikwaruzo ya 80 haiondolewi na 240. Hulainishwa tu, ikabaki. Sugua kufuata mkondo wa nyuzi, usizungushe. Kwenye vinia sahau 80 kabisa. Vinia nyingi hazifiki unene wa milimita 1, anza na 180 kwa mkono mwepesi. Rangi ya mafuta ya zamani sana huenda ina madini ya risasi: isugue ikiwa imeloweshwa, uvae barakoa, watoto wawe mbali.

Kabla ya kupaka, jua ulichokikuta. Chovya pamba kwenye thina ya laka (kiyeyushi chake) na uiweke mahali pasipoonekana. Mpako wa zamani ukilainika na kunata, yaelekea ni laka, mpako unaokauka upesi. Usipolainika, yaelekea ni vanishi ya mafuta, na usipake laka juu yake: thina ya laka itaikunjakunja kama ngozi ya maziwa. Nyumbani, kwa brashi, vanishi ya mafuta ni rahisi zaidi. Laka ni kazi ya mashine, na katika siku za unyevu hutoka na ukungu mweupe kwa sababu thina hupaa haraka, uso ukapoa, na mvuke wa hewani ukanaswa.

Koroga mkebe, usiutikise. Povu utalipaka mezani. Kwa safu ya kwanza, changanya sehemu 1 ya tarpentaini kwa sehemu 5 za vanishi ili izame. Acha usiku kucha, pitisha msasa 320, futa vumbi, rudia mara mbili bila kuchanganya. Nusu lita humtosha mtu mwenye meza ya watu wanne. Juni na Julai, jua likijificha siku nzima, ipe kila safu siku mbili. Juu ya paa la ghorofa panavutia, lakini kuna vumbi, jua kali linalotengeneza ngozi juu huku chini kukiwa kubichi, na nguo za majirani kwenye kamba. Kivuli chenye hewa kinafaa zaidi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vitandaze vikauke au vitie majini. Vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Kubadilisha matumizi, kabati za ukutani zilizotengenezewa zile TV zenye kisogo ndizo zinazolipa. Hazina soko tena, na huwa kabati zuri la vitabu. Usiondoe ubao mwembamba wa nyuma: ndio unaozuia kabati lisiegemee upande. Rafu ya chipbodi inayozidi sentimita 70 italegea katikati; igundishie ukingoni mwa mbele fito ya mbao yenye kimo cha sentimita 4. Tundu la skrubu lililolika lijaze kwa kigingi chenye gundi, kisha utoboe upya. Na hata kama mwenye nyumba hapendi matundu, lifunge kabati ukutani kwa skrubu mbili na fisha za plastiki. Mtoto hupanda droo kama ngazi.